Nilienda Mubi kumuleta Riziki

Bamama wenzangu wa maombi, toka tulirudia kila muntu anapita hapa na ulizo moja: kulipita nini kule Mubi? Munaniuliza kwa kisima, munaniuliza kisha ibada, na mi najibu "Mungu iko," nachukua bidoni yangu ya maji naenda. Leo naandika. Kuandika nilijifunza mukubwa, kwa masomo ya mangaribi, kwa hiyo mukiona makosa mupite juu. Nitafuata njia vile nilipita, kituo kwa kituo. Kama naanza na mwisho mutanihukumu mbio. Kama naanza na mwanzo mutanihukumu vilevile, lakini mutakuwa mumetembea na mi.

Barua hii itafika na kwa bamama wa Masisi-sentre wenye hawatujue, kwa hiyo niseme kidogo. Riziki ni mutoto yangu wa kwanza, iko na myaka makumi mbili na tatu. Ni shampio wa kushuka na chukudu. Wengi wanajua chukudu ni ya kubeba viazi na makala: mbao, magurudumu mbili ya mbao yenye kuvalishwa mupira, unapiga goti moja juu yake, muguu ingine inasukuma. Kwa kupanda inakuua. Kwa kushuka inaruka. Kwetu kuna mashindano ya kushuka. Wanapanda bendera kwa kila kona, unapita kati yao, na mwenye kufika chini wa kwanza na chukudu yake, njo yeye. Myaka tatu, mara tatu, ilikuwa yeye. Mwanamuke mumoja kati ya wanaume.

Kwetu mpaka Rubaya, kwa muguu

Habari ilinifikia siku ya mungu, kisha ibada. Motari mumoja, wale wa kubeba watu na pikipiki, mwenye alitoka Mubi alisimamisha moto yake mbele ya kanisa, hata hakuizima.

"Mama Riziki! Siku ya mungu yenye inakuya mutoto yako anashuka kule kwetu, kwa kilima ya antene. Hakuna mwenye atabakia nyumbani!"

Mulipiga vigelegele, munakumbuka. Mi sikupiga. Juu Riziki aliniaga akisema anaenda Mubi kuuza vipuri ya moto kwa duka, depo ya Janvier, ule muchuuzi mwenye alikuwa anamusaidia kwa mashindano. Kuuza. Kukaa kwa kiti. Goti yake iliharibika mwaka wenye ulipita, na mufirmiye, muuguzi wa Masisi, alituambia wazi, mi na yeye tukiwa wote wawili: ikigongwa tena, haitakunjika mpaka kufa. Mutoto alinidanganya, na mi niliamini juu nilitaka kuamini.

Siku ya kwanza asubui nilifunga kitenge mbili, Biblia, kisu, na fromaji moja nzima, jibini ya kwetu, ya kumupelekea. Nikashuka Rubaya kwa muguu. Njiani nilipishana na wale wa kubeba mizigo ya mawe ya machimbo, wanapanda wamekunja shingo, hawana pumuzi ya kusalimia, wanainua kidole kimoja tu. Bwana yangu alikuwa mumoja wao mpaka siku kilima kilimufunika. Alibakisha watoto ine, shamba ya kuinama, na chukudu.

Njo kwa muteremuko huo Riziki alianzia. Hakukuwa wa kushindana. Alikuwa na viazi ya kupeleka soko na hakuna mwanaume nyumbani. Vijana walisimama kwa njia wakimucheka:

"Mwanamuke juu ya chukudu! Utazaa magurudumu!"

"Nizae, mupate ya kununua," alijibu, na akapita katikati yao mbio vile wawili walijitupa ndani ya mufereji. Mangaribi alikuya kunielezea na alikuwa anacheka mpaka machozi. Mi nilimuchapa. Kisha nilicheka nikiwa peke yangu jikoni.

Rubaya mpaka Masisi, kwa moto

Motari yangu aliitwa Toussaint, muntu wa kuongea kuliko mashini yake. Alipojua mi ni mama ya nani, alikataa kunipakia na muntu mwingine nyuma. "Mama ya shampio anakaa kama chifu." Nikaona ni heshima. Kumbe alikuwa anataka nafasi ya mufuko mbili ya sukari. Nilifika Masisi na sukari inanisukuma mugongo kama ng'ombe.

Kwa barieri ya pili, miti yenye kufunga njia, walitusimamisha. Kijana mwenye bunduki aliangalia fromaji yangu wakati murefu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya mutoto yangu mugonjwa."

"Mutoto yako anaumwa nini?"

"Goti."

"Fromaji haiponeshe goti, Mama." Akakata kipande na bayoneti yake, akaniacha nipite. Alikuwa na haki. Haikuponesha.

Masisi nililala kwa dada yangu mudogo, tukakula viazi na maharagi, na toka mulango yake unaona ule muteremuko wa mashindano makubwa. Mara ya kwanza Riziki kushinda pale, wanaume walisema bendera zilipandwa vibaya. Mara ya pili walisema chukudu yake ilikuwa mwepesi. Mara ya tatu hawakusema kitu, walimubeba. Alipata mabati. Mabati yenye iko juu ya kichwa yangu vile naandika, ni ya pale. Mwaka wenye ulifuata, kwa kona ya tatu, mvua ilikuwa imelainisha udongo. Aligonga goti juu ya jiwe. Dada yangu aliniambia ile siku watu wote walisikia mufupa, mi peke yangu sikusikia, nilikuwa naomba kwa sauti.

"Mama Riziki," dada alisema akinipimia chai, "utamukuta na utamuambia nini?"

"Tuende nyumbani."

"Na akikataa?"

"Mi njo mama."

Dada alikunywa chai yake.

Nyabiondo mpaka Pinga, njia yenye haikukuwa yangu

Ningeenda moja kwa moja Walikale kama nisingesikiliza watu. Nyabiondo mvua ilitufungia siku nzima chini ya bati ya duka, na wabeba chukudu wa pale waliniambia: "Riziki iko Pinga. Tulimuona na macho yetu." Macho yao walikuwa nayo kweli. Hawakusema ni ya juma gani.

Pinga nilifika siku ya tatu kisha saa sita, na matope mpaka kwa nyusi. Riziki hakukuwa. Alikuwa ameshuka pale siku ya soko, mbele ya watu, akaenda zake Mubi. Mama mumoja, Mama Vumilia, alinipokea kwa nyumba yake, akanipa maji ya moto na sombe ya majani ya muhogo. Nikamuambia Mungu asante, kesho asubui naondoka. Sikujua asubui yenye nilikuwa naendea.

Kulipokucha nilifungua mulango na uwanja wote ulikuwa chukudu. Kumi na saba, nilizihesabu. Zimepangwa kama wagonjwa kwa lupitali, na wenyewe wamesimama pembeni wametoa kofia.

"Mama," muzee wao alisema, "Riziki alituambia. Alianguka mara moja tu, siku yenye haukuwekea gurudumu yake mukono. Ukiombea chukudu, haianguke. Alisema bila maombi yako yeye hashuke hata kilima ya kuku."

Bamama, munipime hapo. Nilikuwa nimetoka nyumbani kukataza mutoto asishuke, na nikasimamishwa nibariki wenye kushuka. Nikasema niko na haraka. Muzee akasema, "Na sisi tuko na watoto." Nikaombea zote. Kila moja mukono juu ya gurudumu, jina ya mwenyewe, amina. Ingine mwenyewe alitaka niombee freni, ile ya kusimamisha, peke yake, mara ya pili, juu alisema ni yenye kusumbua. Tulipomaliza moto ya mwisho ya siku ile ilikuwa imeondoka. Siku nzima ilipotea. Lakini niseme ukweli: nilifurahi. Ile maneno ya muzee ilinishikilia moyo. Bila maombi yangu hashuke. Basi kazi iko nyepesi, niliwaza. Nitamunyima maombi, atanifuata nyumbani kama mwana-kondoo.

Pinga mpaka Walikale, ndani ya pori

Siku ya tano tulitoka mapema. Kule si Masisi. Kwetu unaona kwenye unaenda na kwenye utaangukia. Kule ni miti na maji, miti na maji. Daraja ya miti ilikuwa imekatika katikati, moto yetu ikabaki ng'ambo, mi nikaendelea kwa muguu na Papa mumoja mwenye alikuwa amebeba piano ndogo ya kanisa juu ya kichwa, ile ya umeme, imefungwa ndani ya shitingi, turubai ya plastiki. Siku ine yuko njiani nayo.

"Na huko kwenye unaipeleka kuko kura ya umeme?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Sasa italia na nini?"

"Mama, kwanza ifike," alisema. "Nikingojea kura nitakufa, na piano itabakia mujini inapigia walevi."

Tulicheka. Alinisaidia kuvuka mito mbili, akanishika mukono kama dada yake. Kwa kijiji chenye tulilala walituwekea lituma, ndizi yenye kupondwa, na nyama. Nikauliza nyama gani. Wakaniambia kula kwanza. Niliona kidole ndani ya sahani, bamama, kidole na ukucha yake. Nikakula lituma yangu kavu na kipande ya fromaji. Wao waliionja fromaji, wakaangaliana, mutoto mumoja akatema. Tulisameheana.

Siku ya posho, kesho yake ikiwa siku ya mungu, asubui nilipata moto mpaka Walikale, na ingine toka pale.

Mubi

Nilifika alasiri. Mubi ni njia moja kubwa yenye matope, malori, maduka pande zote mbili, muziki tatu inalia kwa mara moja. Kwa depo ya Janvier niliona kwanza chukudu, imetegemezwa ukuta, ile ya bwana yangu, na magurudumu mapya. Kisha nikamuona yeye. Alikuwa amekaa kwa kiti na goti imefungwa bande, anapakaa dawa.

Hakusimama. Nilielewa hakuweza kusimama mbio, hakutaka nione.

"Mama. Nani alikuambia?"

"Dunia yote ilijua isipokuwa mi. Funga vitu yako, tuende nyumbani."

"Kesho kutwa."

"Leo."

"Mama, niko nashuka kesho. Ni ya mwisho. Kisha nitakaa, nitauza mapneu ya moto, nitazeeka, vile munataka."

"Mufirmiye alisema nini?"

"Mufirmiye hakuwai kupanda hata punda."

Nikaanza kulia. Nikamuambia baba yake alikufa kwa kilima, haitachukua muntu wa pili. Akafunika dawa yake. Kisha akasema maneno yenye inanichoma mpaka leo:

"Wakati goti ilikuwa inaleta mabati, Mama, haukusema kilima inaua."

Janvier aliingia wakati ule, muntu mufupi, myaka karibu makumi ine, ameshika kofia na mikono mbili. Nilimurukia. Nilimuita muuzaji wa watoto ya watu. Hakunijibu vibaya. "Mama, mi nilimukataza," alisema. "Aliniambia nikimukatalia atashukia kwa mwingine. Nikaona afazali kwangu, nimutafutie bande na dawa, nimupikishie. Kama unaweza kumuzuia, umuzuie, nitakuheshimu."

Sikumuamini. Nilihitaji asiwe muntu wa kuaminiwa.

Mangaribi Riziki aliniletea maji ya kunawa, akapiga magoti vile binti anapigia mama, goti moja tu, ile nzima. "Utaniombea kesho?"

Nikatoa silaha yangu. "Siombee. Nitaomba ukatae."

Aliniangalia. "Hiyo haiko maombi, Mama. Hiyo ni amri." Akaamuka kwa kushika ukuta. "Basi. Nitashuka bila."

Yenye nilifanya asubui

Sikulala. Nilimuambia Mungu: nipe njia. Asubui, kumekucha vizuri, Riziki alienda kuoga kwa muto. Nikatoka nyuma ya depo. Chukudu ilikuwa pale.

Wenye hamujue chukudu, freni yake ni kipande ya pneu, mupira ya gari, yenye kupigiliwa misumari juu ya gurudumu ya nyuma. Unaikanyaga na muguu, inakwaruza, unasimama. Hakuna kingine. Na kwetu kuna sheria, hata mulevi anaijua: chukudu yenye haina freni haipandwe. Freni ikikatika njiani, unashuka, unasukuma na mukono mpaka nyumbani, hata mvua inyeshe, na hakuna mwenye atakucheka. Wanakupisha. Baba yake alimufundisha hivyo mbele ya kumufundisha kupanda. Na kila muntu anaangalia freni yake mbele ya kushuka, vile unapiga ishara ya musalaba mbele ya kula.

Nikawaza: ataangalia. Ataona haiko. Atasukuma na mukono. Mashindano itaisha, na goti itakuwa nzima, na hakuna mwenye atakuwa na haya.

Nikakata na kisu changu. Nikakunja ile pneu, nikaifunga kiunoni ndani ya kitenge. Nilisema hata asante Yesu. Niliona njo njia yenye nilikuwa nimeomba.

Kilima ya antene

Kisha ibada watu walijaa, wachimbaji, bamama wa soko, hata malori yalisimama. Toka juu unaona njia yote: kona mbili, kisha inanyooka mpaka soko. Walikuwa watano wa kushuka, wengine wote wanaume.

"Shampio!" mumoja aliita. "Na leo umeleta mama yako akubebe?"

"Nimemuleta akupanguze," Riziki alijibu, na watu wakacheka mpaka kwa antene.

Kisha akainama kuangalia freni.

Nilimuona. Alishika pahali freni inakaa, vidole vikapita juu ya misumari. Akabakia hivyo. Kisha akainua uso, akatafuta ndani ya watu, hakumuangalia Janvier, hakuangalia wale wanaume. Aliniangalia mi. Niliwaza: sasa. Sasa atasukuma na mukono. Nilimutikisia hata kichwa, pole pole, kama kumuambia vizuri, binti.

Lakini Mubi haiko kwetu. Pale hakuna mwenye anajua sheria. Mwenye anasukuma chukudu na mukono mbele ya wale watu ameogopa tu. Hilo sikuliwaza. Siku sita za njia, nilivuka mito, nililala na wageni, na sikuliwaza.

Riziki alitoa sandali ya muguu wa kuume, akaivalisha kwa mukono. Akapiga goti. Bendera ikaanguka.

Sikufunga macho. Kona ya kwanza alilala upande mpaka nywele zikafagia njia, akasugua na ile sandali, akatoka mbele. Kona ya pili hivyo hivyo. Bamama, sijui kuandika ile kitu. Hakukuwa anaanguka, alikuwa anaamua. Wale wanne walikuwa mbali nyuma wanasimamisha na freni zao. Kisha njia ikanyooka, na pale unahitaji freni, na mwisho wake kulikuwa mama mumoja na beseni ya ndizi mwenye hakutoka mbio. Riziki alivuka mustari, akaitupa chukudu upande ili isimugonge ule mama. Aliitupa na yeye mwenyewe chini yake.

Nilifika chini sijui namna gani. Goti ilikuwa imegeukia nyuma. Mutu mumoja aliinua chukudu, akapiga kelele: "Haina freni! Wamekata freni!"

"Ni Janvier!" mwingine alisema. "Aliwekea mwingine feza ya kamari!"

Walimurukia. Shati ilipasuka, damu ikatoka puani. Alinitafuta na macho, alikuwa ananyoosha mukono kwangu.

"Mama, sema kitu! Mama, unajua siwezi!"

Ile pneu ilikuwa kiunoni kwangu, nilikuwa naisikia ikinifinya. Niliinama kwa mutoto yangu, nikashika kichwa yake. Sikusema kitu. Janvier alikimbia toka Mubi ile siku na nguo yenye alikuwa nayo, na depo yake walivunja mulango.

Kurudia

Kwa lupitali ya Walikale waliinyoosha muguu, wakaifunga, wakasema vile mufirmiye wa Masisi alikuwa amesema. Tulikaa juma tatu. Kisha tulishika njia ile nyingine, ya moja kwa moja mpaka Nyabiondo bila kupita Pinga, kwa moto pahali inawezekana, kwa tipoyi, kitanda ya kubebwa mabegani, pahali haiwezekane, wanaume wanne wakibadilishana, wakiimba ili wasisikie uzito. Kwa kila kijiji walituuliza, na wale wabeba walijibu mbele ya mi kufungua kinywa: "Ni maneja wake, Janvier, alimukatia freni." Kwa kila kijiji watu walimulaani. Habari ilitutangulia kufika nyumbani. Walitupa ndizi, walitupa karanga.

Riziki hakuongea mingi. Mara moja tu, kwa kivuko, aliuliza: "Janvier iko wapi?"

"Alikimbia."

"Mm," alisema, akageukia miti.

Na mulitupokea na nyimbo. Mulipika, mulifagia nyumba yangu, Mungu awalipe. Kisha tulipiga magoti wote na mukamuombea Janvier ahukumiwe, yeye na uzao wake. Mi nilisema amina. Munakumbuka sauti yangu? Njo ilikuwa ya juu kupita zenu zote.

Toka ile siku sijaweza kuomba. Nafungua kinywa, inatoka ile amina. Nilienda kumuleta Riziki nyumbani, nimemuleta. Nilitaka asishuke tena, hatashuka tena. Hakuna ombi yangu hata moja yenye haikujibiwa.

Juzi alikuwa amekaa kwa mulango anachambua viazi, muguu imenyooshwa juu ya stuli. Nilimuwekea ile pneu mbele yake. Nikasema, "Ni mi."

Hakuishika. Aliendelea na kiazi chake mpaka kikaisha.

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka juu. Mutu wa kuniua angelegeza misumari, freni ingeruka kwa kona. We ulikata sawa, ili nione."

Nikakaa chini kwa udongo. "Sasa juu ya nini ulipanda? Unajua sheria. Ningekuwa mi mubaya, lakini ungekuwa muzima. Juu ya nini, Riziki?"

Alichukua kiazi kingine.

"Juu ulikuwa unaniangalia," alisema. "Mbio zote, Mama, unakuyanga, unapiga magoti, unafunga macho. Ninafika chini, watu wananibeba, na we unauliza, alishinda? Ile siku ulikuwa umesimama na macho wazi. Nikasema basi, aone."

Nikamuambia nitaandika kwenu yote, na nitaandikia Janvier ya kwake, nimuombe musamaha mbele ya watu, kama atapatikana.

"Andika," alisema. "Janvier umuanzie yeye. Lakini kwa bamama usisahau ile ingine."

"Gani?"

"Utaandika goti, utaandika freni, utaandika makosa yako. Andika na kwamba nilifika wa kwanza."

Alifika wa kwanza. Hakuna mwenye alikuwa karibu yake.